Meli Zangu Nne Zimetia Nanga Kisumu Ndogo

Jumatatu, 5 Februari 2024

Hasira tupu. Mikokoteni minne, kazi ya mmoja! Mitumba ya Mildred, mteja wangu mkubwa, ingali baharini. Derrick, kijana wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, alikuja leo kibandani kwa Mildred, soko la Toi, kueleza. Eti Bahari ya Shamu haipitiki, meli zinazunguka Afrika nzima. Nikamuuliza kama wenye meli hawafilisiki. Akacheka! Wakati wa korona, alisema, mizigo ilipopungua waliegesha meli, wakafuta safari, zilizobaki zikaenda polepole. Nafasi ikawa adimu. Wateja wakaanza kubembeleza, bei ikapaa.

Nimekuwa mjinga miaka yote hii. Kila asubuhi natoa mikokoteni yote, vijana wanakaa juu yake wakitafuna miwa, na Mildred anaona. Ataniheshimu vipi? Na bila Mildred sina kazi. Sasa anafungua kibanda cha pili Kawangware, na atachagua mtu mmoja wa kumbebea mzigo pande zote mbili. Khamala wa Kawangware ameshaanza kujipendekeza. Ana mkokoteni mmoja! Mmoja, na gurudumu linachechemea!

Jumanne, 6 Februari

Nimeegesha mitatu nyuma ya kanisa. Vijana wanaoivuta wameuliza watakula nini. Watu hawaelewi uchumi! Oluoch, wa mkokoteni wa nne, nimemwamuru aende polepole na azunguke njia ndefu. Akaniuliza, "Polepole aje, buda? Nikisimama kwa mlima hii kitu inarudi na mimi." Nikamwambia meli hazilalamiki.

Mchana Mildred akapiga simu. Anataka meza zake zihamishwe kwenda Kawangware. Nimefuta safari. Nikasema hakuna nafasi wiki hii. Akakata simu bila hata kwaheri.

Imeanza kufanya kazi!

Alhamisi, 8 Februari

Khamala amehamisha meza. Zote! Peke yake, anaenda anarudi, jasho linamtiririka. Tulikutana Makina, akasimama kunisalimia. "Niaje Jeconia. Naskia umefunga?"

Nimefunga! Mimi! Nilitaka kumrukia. Nikakumbuka wenye meli hawarukii watu. Nikamwambia nasimamia nafasi. Akasema sawa, yeye anasimamia meza. Jitu halina adabu hata kidogo.

Mildred hajapiga tena. Anajikaza tu, namjua.

Jumamosi, 10 Februari

Siku ya laana. Ilianza vizuri. Mildred alipiga mwenyewe, sauti ya kuomba kabisa. "Jeco, nisaidie. Lori imemwaga marobota kwa barabara. Leta zote nne." Zote nne! Kontena limefika, na kimkokoteni cha Khamala hakiwezi. Nikapandisha bei papo hapo. Akakubali. Nikakimbia nyuma ya kanisa nikiimba.

Omena!

Mikokoteni yote mitatu, visamaki hivyo vya ziwani kutoka ncha hadi ncha, vimeanikwa juani. Celine, dada wa mke wangu, amesimama na tawi anafukuza paka. Nilipiga kelele hadi mchungaji akachungulia. Celine akasema mbao zilikuwa zimelala bure tangu Jumanne, na pale ndipo penye jua zuri. Ni kweli, hapa kwetu kitu hakilali bure siku mbili. Lakini hiyo ni kwa vitu vya watu wengine! "Shem, si ungesema unazitumia?" Nikamwambia hizo ni meli. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama nimekula.

Tukamimina omena kwenye magunia, Celine akiokota kila iliyoanguka. Kuosha? Saa ngapi? Vijana wangu nao wameshajiandikisha vibarua vya ujenzi, mjengoni, wasaliti wakubwa. Nikachukua wanakwaya waliokuwa mazoezini.

Marobota yalikuwa ya mashela. Nguo za harusi, nyeupe pe, kutoka Ulaya! Mengine yalikuwa yamepasuka lori lilipoyamwaga. Tukayapakia, tukapanda nayo, jua kali, wanakwaya wananung'unika kwa sauti nne. Tulipoingia Kawangware paka walikuwa nyuma yetu, mstari mzima.

Mildred alichomoa shela moja. Akanusa. Akaniletea hadi puani. "Jeconia, ni bibi harusi gani atavaa hii?" Nikasema likipigwa upepo kidogo harufu itatoka. Akasema, mbele ya wateja wote, kwamba kuanzia leo mzigo wake wote ni wa Khamala, huku na Toi. Khamala alikuwa pale pale. Hakucheka. Akachukua shela, akaanza kulikung'uta taratibu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, na nilipokuwa nikirudi nyumbani machozi yalinitoka.

Jumatatu, 12 Februari

Khamala amekuja kwangu! Kofia mkononi. Mildred anatarajia kontena jingine, na mkokoteni wake yeye mmoja hautoshi. Anaomba yangu minne, kazi ya kudumu, nami niwe msimamizi. Sharti lake ni moja, iendeshwe baada ya kusuguliwa kwa sabuni. Mke wangu alisema ndiyo kabla sijafungua mdomo.

Nikamwambia anyamaze. Usiku kucha nilikuwa nimewaza, nikaona kosa langu waziwazi. Niliegesha mitatu tu! Wenye meli halisi wana moyo mgumu. Nikamwambia Khamala nafasi hakuna, mikokoteni yote minne imepumzishwa, aje anibembeleze wiki ijayo, na bei itakuwa nyingine. Aliacha chai nusu. Akaenda moja kwa moja kwa fundi Phanuel, nyumba ya tatu kutoka hapa.

Mke wangu hazungumzi na mimi. Hajui kusoma soko. Tangu saa nane nyundo za Phanuel hazijatulia, Khamala anaundiwa mikokoteni mipya, na mbao zaidi zinaingia. Maskini, amechanganyikiwa kabisa. Hivyo ndivyo mtu anavyohangaika nafasi ikiwa adimu.