Simu Kumi na Kopo la Rangi

Jumatatu, 2 Desemba 1963
Leo nimeacha kukuna nazi. Naliandika hilo kwanza, mengine yafuate.

Bwana Abdurahman, mwenye nyumba ya wageni hapa Diani, ameleta lori la simu kutoka kambi ya jeshi iliyofungwa. Simu kumi, nyeusi, nzito kama mawe ya kusagia. Pia kuna sanduku la kuziunganisha, linalogawa simu lenyewe bila karani. Kasoro moja tu. Visahani vya kuzungushia namba viling'olewa vyote vikatiwa guniani, na nyaya zinaning'inia kama matumbo ya samaki.

Bwana akauliza nani anajua kuvirudisha. Mzee Jefwa, mlinzi wa lango, akasema polepole kwamba alikuwa mtu wa simu vitani Burma, na angependa kuvitazama kwanza. Mimi nikasema najua. Anayejua hatazami.

Bwana akanipa gunia mimi. Akasema mbele ya watu wote: wageni wa sherehe za Uhuru wanaingia Jumatano ya tarehe kumi na moja. Simu zikilia sawasawa, Boga, yaani mimi, ndiye fundi wa nyumba, na shati la kaki, na chumba chenye kitanda. Zisipolia, kazi apewe Jefwa na Boga arudi alikotoka. Nilikotoka ni jikoni kwa Shangazi Mwanaima, juu ya mbuzi ya kukunia, nazi ishirini kwa siku. Shangazi kasema mbuzi yake haisogezi. Itaningoja pale pale.

Jumanne, 3 Desemba
Nyuma ya kila kisahani mna skrubu nne. Nyaya nazo ni nne: nyekundu, buluu, nyeupe, na moja iliyokuwa na rangi zamani. Mtu aliyemaliza darasa la sita (la saba mwalimu alinizuia mlangoni kwa wivu) hashindwi na nyaya nne.

Jaribio la kwanza: kimya. La pili: kimya, na umeme ukanitekenya mpaka kiwiko. La tatu: simu ikafufuka, lakini kila nikizungusha kisahani sikio linalia pa-pa-pa kama bisi chunguni. Nikamwambia Bwana hiyo ni sauti ya jeshi, ndiyo dalili kwamba simu si ya bandia. Akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani ni heshima.

Jumatano, 4 Desemba
Leo nimetumia akili. Akili haina skrubu.

Nikaenda langoni, nikamwamkia Mzee Jefwa shikamoo ya adabu kabisa, nikakaa. Nikamwambia, kwa masikitiko, kwamba kuna watu kule Msambweni wanasema Burma alikwenda kumenya viazi. Wanasema simu aliiona kwa mbali, mezani kwa mkubwa.

Jefwa akasimama. Akashika fimbo akachora kisahani kizima mchangani. Waya mbili hizi, akasema, ni za kukata laini: namba tatu hukata mara tatu, namba nane mara nane, na sanduku linahesabu. Mbili hizi ni za kuziba sikio kisahani kinapozunguka, mtu asisikie mikato. Nikasema hata mmenya viazi anaweza kuchora hivyo. Akachora tena, kubwa zaidi, na rangi za nyaya akazitaja moja moja. Nikaandika zote kiganjani.

Kisha akaacha hasira, akanishika bega. Akasema nimsikilize vizuri, kwa sababu visahani vile si vyetu. Chetu kina moja karibu na kile kidole cha chuma kinachokizuia. Hivi vina tisa pale penye moja. Aliwahi kuviona kwa askari wa visiwa vya mbali kule kusini, ambako kila kitu kiko kichwa chini. Namba zake zimegeuka, vitazamwe na vibadilishwe.

Nikamwambia ahsante, mpishi. Akanirushia kiatu. Kilikuwa cha jeshi, kwa hiyo labda kweli alikwenda.

Alhamisi, 5 Desemba
Ushindi! Simu zote kumi nimezifunga kabla ya alasiri, na hakuna bisi sikioni.

Nikamwita Bwana ofisini, ambako ni namba sifuri, nikamwambia azungushe tano. Chumba namba tano kikalia. Shangazi alikuwa huko akitandika, akapokea akiapa kwamba si yeye aliyevunja. Nikamwambia naye azungushe sifuri. Ofisi ikalia. Bwana akanikumbatia, na hadi sasa nanukia atari yake.

Baada ya chai Bwana akataka jikoni, namba moja. Akazungusha moja, kikalia chumba namba tisa. Akazungusha tatu, ikalia saba. Akazungusha mbili, ikalia nane. Akazungusha nne kwa sauti ya kuomba, ikalia sita. Akaiweka chini taratibu. Akasema mpaka Jumamosi asubuhi. Baada ya hapo gunia ni la Jefwa, na barua ya kuagiza visahani vipya itakwenda Nairobi hata ikichukua mwezi.

 Jefwa alivaa kiatu chake tu, kile kile.

Jioni nikakuta Shangazi ameiosha mbuzi.

Ijumaa, 6 Desemba
Nimeamka na hesabu kichwani. Moja inakwenda tisa, tisa inakwenda moja. Mbili na nane. Tatu na saba. Nne na sita. Kila jozi ni kumi! Tano inabaki nyumbani kwa sababu ni nusu. Yule mwalimu aliyenizuia mlangoni angeliona hili angelia.

Jefwa akasema vizuri, sasa umejua ugonjwa, tungoje visahani. Mimi nikajiuliza kwa nini nibadilishe visahani kumi vyenye skrubu arubaini, wakati milango ina namba za rangi.

Wote walipokwenda sala ya Ijumaa nikasema tumbo linaniuma. Mungu anisamehe. Niliswali adhuhuri peke yangu baadaye, mikono ya kijani. Nilichukua kopo la rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka madirisha, nikageuza kila mlango. Nambari mbili ikawa nane, nane ikawa mbili, jikoni kukawa tisa, na vibao vya funguo vile vile. Tano nikaipaka upya tu, isijione imetengwa.

Waliporudi na kanzu zao nikamwomba Bwana azungushe tisa. Shangazi akapokea jikoni. Saba: kikalia chumba kilichoandikwa saba. Mbili: mbili. Bwana akasimama akizitazama namba za mlangoni, midomo ikihesabu. Nikamweleza kwamba jeshini vyumba huhesabiwa kutoka upande wa pili. Akafikiri. Akasema kopo la rangi linafika haraka kuliko barua ya Nairobi. Kisha akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

Jefwa alikuja, akanusa mlango, akarudi langoni.

Jumatano, 11 Desemba
Asubuhi nimevishwa shati la kaki. Mikono mirefu kidogo, lakini hata cheo ni kirefu.

Mgeni wa kwanza ni Mzee Fondo, mjenzi mkubwa kutoka Malindi. Tangu mwezi jana Bwana alimwandika kitabuni namba mbili, chumba kizuri kuliko vyote, dirisha linatazama bahari. Kijana wa mizigo akachukua ufunguo wa mbili akampeleka mbili. Mbili yangu. Iliyokuwa nane. Ile ya nyuma, iliyopakana na banda la kuku.

Bwana aligundua wakati wa chakula cha mchana, mzee akiwa amekwisha lala. Hakupiga kelele. Alasiri aliniita ofisini, akaniambia kwa sauti ndogo nilivue shati. Shangazi alikuwa mlangoni pa jikoni, akaisogeza mbuzi kidogo kunifanyia nafasi. Nikafungua kifungo cha kwanza. Nikafungua cha pili. Simu ya ofisi ikalia.

Bwana akapokea kama mtu anayeshika kaa. Alikuwa Mzee Fondo. Akasema miaka mitatu sasa kila nyumba ya wageni inamtupa mbele ya bahari na mawimbi hayamwachi apate usingizi. Leo amelala kama mtoto, akisikia kuku tu, kama kwa mama yake. Tena amezungusha tisa mwenyewe, na chai imefika ikiwa moto. Akauliza ni fundi gani aliyefunga simu hizi.

Nikafunga vifungo. Vyote viwili, polepole, nikimtazama Shangazi.

Alhamisi, 12 Desemba
Uhuru! Alfajiri nikawapigia wageni wote vyumbani kuwaarifu. Wote walikuwa wanajua. Wawili walinitukana, na matusi yalisikika safi kabisa, bila bisi.

Jumamosi, 14 Desemba
Mzee Fondo amenichukua. Ana nyumba ya wageni mpya kule Shimoni, simu amekwisha nunua, na anataka fundi wa simu ambaye ni mimi. Bwana Abdurahman amekubali kwa shingo upande, na shati la kaki limekwenda kwa Jefwa. Linamkaa vizuri kuliko mimi, lakini sikumwambia.

Mzee Fondo alikuwa garini na simu moja kati ya hizo za Shimoni. Jefwa akaigeuza, akatazama kisahani, akaniita kando kama mtu anayetoa wosia. Akasema hiki ndicho chetu, moja iko karibu na kidole cha chuma, kila kitu kiko sawa. Nifunge nyaya nne kama alivyonichorea, kisha nikae chini, nisiguse kitu kingine chochote. Akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia, mpishi. Safari hii hakurusha kiatu, alitikisa kichwa tu.

Mimi nilimwuliza Mzee Fondo swali moja la kifundi: nyumba ina milango mingapi. Akasema tisa.

Nimekwenda dukani nikanunua rangi ya kijani, makopo mawili, lisije moja likaniishia njiani.

Shangazi ameifunga mbuzi ya nazi ndani ya mkeka akaniwekea juu ya mzigo wangu. Anasema niende nayo Shimoni, nitaihitaji. Sijui ana maana gani. Mimi ni fundi.