Makufuli Sita ya Dishon Ondiek

Jumatatu, 8 Septemba

Wiki ya mwisho ya mafunzo. Tuko kumi na wawili hapa gatini, tunafunzwa kutunza na kukarabati kituo cha feri: pampu, taa, mitaro, vyoo, viti vya abiria, na lile daraja la chuma linaloshushwa kwa mota ili watu washuke. Jumatatu ijayo mmoja wetu atatajwa kuwa msimamizi. Huyo mmoja ni mimi. Wenzangu hawajaambiwa tu.

Lazima niwe mimi. Mama mkwe wangu, anayeishi ng'ambo ya ziwa, upande wa Kendu, nilishamwambia kwa simu kwamba mimi ni msimamizi. Nilimwambia mwezi wa saba, kabla mafunzo hayajaanza. Sasa anakuja Jumamosi kuona kwa macho yake. Amemwambia mke wangu Lornah kwamba hii kazi ikiwa kama ile trekta yangu ya kubeba miwa kule Muhoroni, atarudi naye nyumbani. (Trekta haikuwa yangu. Nilipiga picha nayo tu.) Lornah hakumkatalia mamake. Alikuwa anachambua mboga, akaendelea kuchambua. Hilo limeniuma sana.

Leo mwalimu wetu, Bwana Waliaula, amempa kila mtu kufuli jekundu na ufunguo mmoja. Ukienda kutengeneza mashine, unazima swichi, unaifunga kwa kufuli lenye jina lako, na ufunguo unauvaa shingoni. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kulifungua, hata yeye, hata injinia. Amesema kuna mtu aliwahi kuwashiwa mota mkono wake ukiwa ndani. Nabwire, mwanafunzi mwenzetu, akauliza maswali matatu. Huyo mama wa Busia anaipenda hii kazi kupita kiasi.

Mimi niligeuzageuza kufuli langu. Nilikuwa bado nafikiria hilo jambo la jina.

Jumanne, 9 Septemba

Nimenunua makufuli mengine matano pale sokoni Otonglo, mekundu vilevile. Nimeandika DISHON kwa rangi ya kucha ya Lornah. Nikayabana moja moja: pampu, feni, taa za ukumbi, spika ya matangazo, lango. Langu la mafunzo nikaliweka kwenye mota ya daraja wakati wa chakula.

Imefaulu! Injinia Celestine, yule bosi anayekuja kutukagua kutoka ofisi kubwa, amepita akasoma Dishon, Dishon, Dishon. Akauliza ni nani huyu anayefanya kazi kila mahali. Nikakohoa kwa heshima. Nabwire wakati huo alikuwa amezama mtaroni mpaka mabega, kufuli lake moja tu, hata halikuonekana. Nilimhurumia kidogo.

Shida ni funguo sita shingoni. Nikitembea nalia kama mbuzi mwenye kengele.

Jumatano, 10 Septemba

Wacha tu.

Feri ya mchana ilileta abiria wengi, wote wanataka choo. Maji hakuna. Pampu imefungwa kwa kufuli la Dishon, na Dishon yuko kibandani kwa Aoko anakula samaki. Walitaka kunitangaza kwa spika. Baadaye nikaambiwa spika nayo ilikuwa imefungwa, kwa hiyo walinitafuta kwa kelele. Walinipata na mfupa mdomoni.

Bwana Waliaula amenisema mbele ya watu wote. Ati kufuli si bango la kampeni. Ati mtu mmoja, kufuli moja, na kuanzia kesho atakagua shingo na mifuko kila asubuhi. Atakayepatikana na ufunguo wa ziada atoke aende zake. Nikasema ndiyo mwalimu. Nabwire akanipa maji ya kunawa. Maringo!

Makufuli yote nimeyapeleka nyumbani. Funguo zote nimezitia mfukoni mwa lile koti langu la kahawia linaloning'inia nyuma ya mlango. Sijalivaa tangu mvua ziishe. Hakuna mtu atakayezigusa.

Alhamisi, 11 Septemba

Tumefunzwa kupaka grisi. Nabwire amepaka mota ya daraja mpaka inanguruma kwa raha. Injinia akampongeza. Akamwita kwa jina!

Basi usiku wangu ukaharibika. Lakini nikiwa nausugua mkono wangu wenye grisi kwa sabuni, mpango umenijia wote kwa pamoja.

Jumamosi saa tatu feri ya kwanza inaleta mama mkwe. Injinia atakuwepo kwa mtihani. Feri inafika, daraja halishuki. Watu wanahangaika. Waliaula anatoka jasho. Ndipo mimi naingia, polepole, ufunguo mkononi. Nasema kwamba Ijumaa jioni nilisikia mota ikikoroma vibaya, nikaifunga kwa usalama wa abiria. Hiyo si ndiyo sheria yake mwenyewe? Nafungua, daraja linashuka, mama mkwe anashuka, ananikuta nimesimama hapo. Atasema nini tena kuhusu trekta?

Ijumaa, 12 Septemba

Feri ya jioni ilipoondoka nikazunguka kama mtu anayefagia. Swichi ya daraja, kwa kufuli langu: ta! Uzuri wa haya makufuli ni kwamba kufunga hakuhitaji ufunguo. Nilikuwa na lingine mfukoni, nikalibana kwenye mlango wa stoo, kwa sababu ndani yake kuna mkasi wa kukatia chuma na sitaki mtu aniharibie mpango. Mimi hufikiria mbali.

Lornah ameniuliza mbona nacheka peke yangu. Nimemwambia ni furaha ya mgeni. Akaniangalia sana. Akasema anatamani kesho iwe kweli, kwa sababu amechoka kunitetea. Nikamwambia itakuwa kweli. Na nilimaanisha, haki.

Jumamosi, 13 Septemba

Yawa, jamani!

Nilichelewa kwa makusudi, ili niingie polepole. Lornah alishatangulia gatini. Nikaoga, nikavaa, nikanyoosha mkono nyuma ya mlango kuchukua funguo. Mkono ukashika ukuta. Koti hakuna. Nimetafuta chini ya kitanda, ndani ya karai, hata ndani ya sufuria. Hakuna!

Nikakimbia gatini. Huko kila kitu kilikuwa kama nilivyopanga. Feri imefika, daraja liko juu, abiria wamejaa ukingoni mwa feri wanapiga kelele, jua linawaka. Waliaula anatoka jasho. Injinia amekunja mikono. Wote wakageuka kunitazama. Nikaanza kueleza habari ya mota kukoroma. Nabwire akasema kwa upole kwamba hiyo mota aliipaka grisi yeye, haikoromi. Waliaula akasema vyema, fungua. Nikasema funguo nimezisahau. Akasema basi uletwe mkasi. Mkasi uko stoo. Watu wakaenda stoo, wakarudi, wakanitazama tena.

Ndipo nikamwona mama mkwe. Amesimama mbele kabisa, mkoba mkononi, na amevaa koti langu la kahawia.

Lornah akaniambia kwamba mama alilalamikia upepo wa ziwani, kwa hiyo jana asubuhi yeye Lornah alimtumia koti na feri. Ati silivai. Alidhani nitafurahi.

Sasa nifanye nini? Huyo ni mama mkwe. Mimi simpigii kelele. Simkaribii. Hata usoni simtazami, natazama viatu. Nitamwambiaje atie mkono mfukoni? Nikajificha nyuma ya nguzo na kumnong'oneza Nabwire, kwa sababu sauti yake inafika mbali. Nabwire akanitazama, akapumua, akaita: mama, tafuta kwa mfuko ya hiyo koti!

Mama akatoa kipande cha muwa kilichokauka. Akakiinua watu wote wakione. Akatoa leso yangu. Mwisho akatoa funguo sita. Akazifunga ndani ya leso, akaweka na ule muwa ili ziwe na uzito, akarusha. Mimi nikafumba macho. Nabwire akaruka, akadaka kwa mkono mmoja juu ya maji. Kumbe shuleni alikuwa golikipa! Feri nzima ikashangilia.

Akanikabidhi mimi. Hakufungua yeye. Alisema kufuli ni la Dishon, sheria ni sheria. Nikafungua. Daraja likashuka kimya kabisa, bila kukoroma hata kidogo. Nilitamani liniangukie.

Mama mkwe akapita bila kunisalimia, akaenda moja kwa moja kumshika Nabwire mkono. Akamwita msimamizi. Nabwire akamwambia yeye ni mwanafunzi tu. Mama akasema hivyo basi hapa hakuna msimamizi, na akamtazama Lornah. Lornah akatazama chini. Sijawahi kuona aibu namna hiyo usoni mwa mtu ambaye hakukosa.

Jumapili, 14 Septemba

Mama mkwe hawezi kulala nyumbani kwangu, mila hairuhusu. Nilikuwa nimempangia chumba kwa jirani. Amekataa. Amelala kwa Nabwire. Wamekwenda kanisani pamoja, wakapika pamoja, na kicheko chao nimekisikia kutoka barabarani. Nimepita mara nne, kwa bahati tu. Mara ya tatu walikuwa wamefika kwenye habari ya trekta.

Jumatatu, 15 Septemba

Msimamizi ni Nabwire. Watu wamepiga makofi. Mimi pia, polepole.

Waliaula alitaka nifukuzwe. Kumbe Nabwire ameniombea! Nimewekwa vyoo na mitaro, mwezi mmoja wa majaribio, chini yake. Ameniambia mama mkwe ndiye aliyemsihi, kwa ajili ya Lornah. Mama anaondoka kesho na feri ya kwanza. Lornah anabaki, lakini ameniambia mwenyewe, bila hasira, kwamba akisikia neno kufuli tena atapanda feri na hatarudi. Nikalia kidogo. Nampenda huyu mwanamke. Nimemwahidi kwa moyo wangu wote.

Halafu nimefikiria. Shida haikuwa mpango. Shida ilikuwa koti! Na mbona jina liwe langu? Kufuli likiandikwa NABWIRE, pampu ikifungwa siku nzima, nani ataulizwa?

Rangi ya kucha imebaki ya kutosha. Leo jioni, baada ya feri ya mwisho, nimelibana kwenye pampu, ta! Ufunguo safari hii nimeuweka pa akili. Kuna pakiti mpya ya unga juu ya kabati. Lornah amekataza mtu kuigusa, anasema si ya nyumba hii, ni ya kumfungia mgeni zawadi ya safari. Nimeusukuma mpaka katikati ya unga na kuifunga vizuri kwa gundi. Hapo hakuna mtu atakayeuona. Nalala kwa amani.