Kufuli Langu Kwenye Laini ya Mashariki

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema! Mkuu wa zamu anastaafu mwisho wa mwezi. Cheo chake kina nyumba ndani ya uzio wa kituo: vyumba vitatu, maji ndani, mlango unaofungika. Tangu mama mkwe aje kututembelea kwa wiki moja, mimi nalala sebuleni kwenye kochi. Hiyo wiki ilianza mwaka jana. Yeye yuko chumbani na binti yake, na ameshasema haondoki mpaka amwone mwanawe kwenye nyumba ya maana. Basi lazima niwe mkuu wa zamu. Mgongo wangu umechoka kusubiri.

Kikwazo ni Mchungaji. Si mchungaji wa kweli. Ni mwenzangu wa chumba cha mitambo, tunamwita hivyo kwa sababu husali kimoyomoyo kabla ya kugusa swichi. Hajawahi kukosea. Mtu wa namna hiyo anachosha sana.

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe ameniuliza tena kazi yangu ni nini hasa. Nikamweleza taratibu. Umeme wa bwawani unatufikia ukiwa mkali kupita kiasi. Transfoma zetu zinaupunguza makali, kisha tunaugawa kwa miji mitatu, hospitali na kiwanda cha saruji. Tukikosea sisi, kanda nzima inakaa gizani. Akasema kumbe nalinda nyaya.

Kazini, balaa. Laini zinazotuletea umeme ni mbili. Ya Mashariki imezimwa kwa matengenezo, na ya Magharibi inabeba mzigo wote peke yake, inaunguruma kama mgonjwa. Alhamisi ya Mashariki inawashwa tena. Meneja wa kanda atakuja kushuhudia, pamoja na mpiga picha. Na nani amechaguliwa kubonyeza kitufe? Mchungaji! Picha ikitoka, nyumba ni yake.

Nimezungukazunguka uani hadi mke wangu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Kituoni kwetu, kila anayeingia kufanya kazi kwenye laini anatundika kufuli lake kwenye swichi, lenye jina lake. Maana yake ni moja: niko huku, msiwashe, mtaniua. Akimaliza analitoa mwenyewe. Kufuli la mtu haliguswi na mwingine, hata awe meneja.

Leo nimejitolea kupaka grisi bawaba za swichi ya Mashariki. Mkuu wa zamu alishangaa, sijawahi kujitolea. Nikatundika kufuli langu. Nikapaka grisi. Kufuli sikulitoa.

Kesho Meneja atasimama, Mchungaji atanyoosha kidole, na laini haitawashwa mpaka nitokee mimi. Mimi na ufunguo wangu! Nani ataonekana ndiye nguzo ya kituo? Simu nitaizima tangu asubuhi, wasije wakaniita mapema nikafungua bila mtazamaji. Suti imepigwa pasi. Usingizi hauji kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilitoka na suti na viatu vyangu vya ncha kali. Getini, mlinzi mpya. Akasema bila buti za kazi siingii. Nikamwambia mimi ni mfanyakazi. Akasema ndiyo maana nilipaswa kujua. Alitaka apige simu ndani niletewe buti. Nikamkatalia katakata! Kuja kazini bila buti ni kosa, na nyumba ingeota mbawa palepale. Nikamwomba, kama akiulizwa, aseme hajaniona.

Nikaenda kutafuta buti, duka kwa duka, hadi mchana. Fundi mmoja kwenye jengo linalojengwa barabara ya pili alikubali kuniazima zake za mpira, nikamwachia viatu vyangu rehani. Nimeshatembea nazo ndipo nikagundua zote mbili ni za mguu wa kushoto.

Huku nyuma, Meneja amefika. Wanakwenda kwenye swichi. Kufuli! Jina langu! Wanapiga simu, imezimwa. Wanamuuliza mlinzi, hajaniona. Wanampigia mke wangu, anasema nimetoka asubuhi kwenda kazini. Basi wakafikia hitimisho ambalo watu wa kituo chochote wangelifikia: nimelala mahali fulani uwanjani, nimeshakufa.

Wakanitafuta wote. Meneja wa kanda, na tai yake, alitambaa chini ya transfoma. Mchana joto likapanda, watu wakawasha mafeni, laini ya Magharibi ikazidiwa, ikabidi wakate umeme mitaa kadhaa ili kuiokoa hospitali. Mtaa wetu ukiwemo. Nyumbani feni ikasimama, na mama mkwe akaona hiyo ni ishara. Akaanza kulia. Majirani wakajaa. Naambiwa alinisifu sana, akasema hakuna mkwe kama mimi.

Walipokwisha kukagua kila kona ndipo mkuu wa zamu akaruhusu kufuli likatwe. Mchungaji akasali, akabonyeza. Picha ikapigwa. Nikatokea mimi, nachechemea upande mmoja.

Hakuna aliyenifokea. Afadhali wangenifokea. Mchungaji alikuwa amechubuka magoti, macho mekundu. Nikamwambia laini imewaka, hongera.

"Kaka, mimi sikuwa natafuta laini," akasema. "Nilikuwa nakutafuta wewe."

Nikainama kumfuta vumbi magotini. Kisha nikakumbuka mpiga picha alikuwa nyuma yake, nikasimama na kuiweka suti sawa.

Nikarudi nyumbani. Mke wangu alinishika mkono, kisha akaenda kuosha uso. Mama mkwe alinitazama kuanzia buti mpaka kichwani.

"Kumbe mzima," akasema, akazifuta sifa zote mbele ya majirani, moja baada ya nyingine.

Ijumaa, 7 Machi

Sijafukuzwa. Mkuu wa zamu alisema kwa upole kwamba kufuli si la kuchezea, kwamba siku moja watu wataliona la mwingine wadhani ni mzaha, na mtu atakufa kweli. Nikaitikia. Mchungaji anapewa cheo na nyumba. Mimi nahamishiwa getini, kukagua viatu vya wanaoingia na kuwaazima buti wageni.

Mama mkwe amemwita dada yake aje kumliwaza. Dada atalala sebuleni, kwenye kochi langu. Mimi nahamia jikoni.

Jumatatu, 10 Machi

Getini si pabaya! Nimesikia Meneja anarudi Alhamisi. Yule mtu lazima atakuja na viatu vya ofisini. Mlinzi atamzuia, hana upendeleo. Na nani atamwokoa?

Nimeficha buti zote za wageni isipokuwa jozi moja, ya saizi yake. Nimezing'arisha, nimezifungia kabatini kwa kufuli langu jipya lenye jina langu. Nitatokea yeye akishakwama vizuri. Suti iko kwa dobi. Simu, bila shaka, nitaizima.