Tatizo ni Mpira

Jumatatu, 4 Machi

Mashine ya kuosha vyombo imegoma. Inanguruma vizuri, inaosha vizuri, halafu maji machafu yanabaki chini yananuka. Hayatoki ng'o! Mke wangu ametoa hukumu: mpaka itengenezwe, ninaosha mimi. Kwa mikono. Eti mimi ndiye niliyeing'ang'ania, na mimi ndiye niliyeisukuma kwa makalio mpaka ikagota ukutani. Nikamkumbusha Jumamosi kuna fainali, na timu yangu haijaonja fainali tangu nimwoe. Akasema vyombo havijui fainali.

Hii si bahati mbaya. Kuna mkono wa mtu. Namshuku shemeji, kaka yake, anayeishi chumba cha uani. Tangu mashine ije anaitazama kwa jicho baya. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 5 Machi

Nimefungua chujio. Ushahidi! Punje za wali, ganda la yai, kijiti cha meno. Nani anachokonoa meno humu ndani? Shemeji! (Na mimi, lakini vyangu navitupa dirishani.) Nimelisugua chujio likang'aa. Nikawasha. Maji yale yale.

Sasa ni mtego. Kabla ya kulala nimemwaga unga sakafuni jikoni. Mhujumu ataacha nyayo.

Jumatano, 6 Machi

Nyayo zimepatikana! Kubwa, pana, zinaelekea kwenye friji. Nimezipima. Zangu. Nilisahau kwamba niliamka kunywa maji. Nimepiga deki.

Mchana shemeji kaleta fundi bila kunishirikisha. Nikajibanza nyuma ya mlango. Nilichosikia kimenitoa jasho. Fundi kamwambia mke wangu kwamba tatizo ni mpira. Mke wangu kajibu alihisi hivyo tangu mwanzo. Fundi kasema mpira ndio unaozuia kila kitu, lazima autoe Ijumaa, na kwa kuwa mpya hautapatikana upesi, Jumamosi tutakaa bila mpira. Shemeji, mnafiki yule, akasema ni siku moja tu, mzee atavumilia.

Atavumilia! Kumbe mashine ni chambo tu. Wanachokiwinda ni fainali yangu!

Ijumaa, 8 Machi

Nimemngojea fundi getini. Nikamwambia peupe kwamba mpira wa nyumba hii hautolewi na mtu yeyote, mwenye nyumba ni mimi. Akanitazama weee. Akasema sawa mzee, ila ukiuacha hivyo maji yatarudi. Fumbo la vitisho! Nikamjibu kwa methali: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akakuna kichwa, akaondoka. Moja bila!

Televisheni nimeihamishia jikoni niilinde mwenyewe. Waya nimeupitisha sakafuni. Mke wangu kauliza kama naumwa.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya msiba.

Sare mpaka dakika za mwisho, wakaenda kwenye penalti. Vyombo vya mchana vimejaa sinki. Huwezi kusugua sufuria na kutazama penalti kwa wakati mmoja, binadamu ana macho mawili tu. Nikavisukumia vyote kwenye mashine, nikawasha. Penalti ya mwisho. Kijana wetu anarudi nyuma, anavuta pumzi, anakimbia... maji yakarudi! Yakamwagika jikoni kote, yakaufikia waya, pa! Umeme ukakatika nyumba nzima.

Nimelia. Sioni haya kuandika, nimelia kwa sauti.

Mke wangu na shemeji wakaivuta mashine kutoka ukutani. Nyuma yake bomba la kutolea maji lilikuwa limekandamizwa bapa, tena na ufa juu. Mke wangu akalinyooshea kidole akasema mpira wenyewe ndio huo. Kisha akanitazama, akaelewa, akaanza kucheka. Kacheka mpaka akakaa chini kwenye maji. Shemeji kaunyoosha, kaufunga kitambaa, na maji yakaenda zake kana kwamba hayakuwahi kunikosea.

Haya, yameisha. Nimepiga marufuku mtu yeyote kunitajia matokeo. Kesho kuna marudio.

Jumapili, 10 Machi

Televisheni nzima, imerudi sebuleni, marudio yanaanza mchana. Na wao wameanza tena! Nimewasikia koridoni. Mke wangu kamnong'oneza shemeji kwamba haifai kuendelea kunificha, dishi limeyumba, tena limeyumba vibaya. Shemeji kajibu yeye ameliona siku nyingi, aliogopa tu kusema. Ameona dishi limeyumba, akanyamaza! Siku ya marudio ya fainali!

Nikachukua ngazi, nikapanda paani. Dishi limesimama wima, nati zote zimekazwa. Nani amelinyoosha kabla sijafika? Nikalizungusha kidogo, kwa tahadhari. Ndani mtangazaji akanyamaza ghafla.

Mke wangu katoka mbio, mikono kichwani. Amenisihi nishuke, akajigonga kipaji kwa kidole, amesema hakuwa akizungumzia dishi hilo.

Kwa hiyo lipo la pili. Wamelificha wapi?