Radi Iliyoniua Bila Kunigusa

Nyumbani, Mitunguu

Kwa Mheshimiwa Mwongozaji wa Filamu, Bwana Mutegi, mjukuu niliyembeba mgongoni,

Salamu kwako na kwa wote unaofanya nao kazi huko Nairobi. Mimi ni mzima, na hilo ndilo lalamiko langu.

Juzi filamu yako ilionyeshwa katika ukumbi wa kanisa. Nilikaa mbele kabisa na leso mpya, kwa kuwa kile kitabu cha katuni ulichokichora mwenyewe, ndicho kilichozaa filamu hii, nakijua ukurasa kwa ukurasa. Humo shujaa alikuwa mtoto dhaifu wa kukohoa, nyanya yake akamtemea mate kifuani kumbariki, kama nilivyokubariki wewe, na kesho yake akang'oa mgomba na mizizi yake. Nililia nilipokisoma. Sasa nasikitika kueleza yafuatayo:

1. Kwenye filamu, watu hawajamaliza hata kukaa, radi imepiga boma. Nyanya amekufa, mtoto amepata nguvu. Nimeuliza mate yako wapi, naambiwa hayapendezi machoni. Damu je? Imemwagika filamu nzima na hakuna aliyeona kinyaa.

2. Radi haimpi yeyote nguvu. Ilimpiga ng'ombe wa mzee Njoka kule Kiirua, na hakuruka juu ya nyumba ya mtu. Alianguka tu, akazikwa.

3. Kitabuni shujaa aliitwa Muthamia, jina la babu yako. Sasa anaitwa Umeme. Wewe unajua kwetu mtoto huitwa jina la babu. Asiye na jina la babu hana ukoo, na asiye na ukoo hana wazee wa kumpelekea mahari. Kwa hiyo ile harusi ya mwisho ni batili, na yule msichana arudishwe kwao mara moja, hata kama jiji limeokolewa.

4. Akina mama wa kanisa wameniletea sukari na unga, kunipa pole kwa kufiwa na mimi mwenyewe. Mmoja wao, Angeline, aliniombea sala ndefu ya marehemu nikiwa nimekaa mbele yake, nikaitikia amina. Sukari sirudishi.

5. Hili ndilo linaloniuma. Marehemu hatembelewi. Tangu uanze kuniua hujakanyaga hapa. Krismasi nilikuvumbikia mkungu wa ndizi, zikaiva, zikaoza.

Kwa hayo yote, naomba filamu irudiwe kuanzia mwanzo. Mate yatemwe wazi, mchana, na anayeigiza nyanya awe mfupi, mwenye pengo, kama ukweli ulivyo. Nikinyimwa, nitawaleta wazee wa ukoo ofisini kwako, nao wakishakaa huwa hawaondoki bila chai.

Nisalimie wapiga picha wote, yule bibi harusi asiye halali, na hata fundi aliyetengeneza radi.

Ni mimi, ninayeendelea kuishi,
Nyanya Marcella

N.B. Nimefikiri tena. Mate yakikushinda, yaache. Radi nayo ibaki, watoto wa hapa wameipenda sana. Jina Umeme si baya. Nyanya anaweza kuwa mrefu, mwenye meno yote, hata aishi ghorofani kule mjini Kinoru. Badilisha chochote unachotaka. Ila mwishoni, shujaa arudi nyumbani amkute nyanya yake mlangoni. Mkungu mwingine nimeshauvumbika.