Valvu Mbili Zilizoungua na Nafasi Moja ya Voi

Jumatano, 5 Februari 2025

Gari la mbio la dereva wetu Swafwan limerudi gereji likikohoa. Siku tatu tu tangu tulifunge injini! Tumeifumua tena. Valvu mbili za moshi zimeungua ukingoni kama chapati iliyosahauliwa. Mzee Abdulkadir, mwenye gereji, amesema atakayemwonyesha chanzo atapanda pikapu ya vipuri kwenda mbio za Voi. Nafasi ni moja. Kutoka Voi hadi kwetu Mtito Andei si mbali. Mwaka wa pili huu naosha vyuma hapa Ukunda, mama sijamwona. Nafasi hiyo ni yangu. Hashim, fundi wa injini, naye anaitaka. Ya nini? Kwao ni Mkongani, anafika kwa bodaboda!

Jambo moja naliandika hapa tu. Hashim alipomaliza kusaga kila valvu na kiti chake, yaani shimo inaloliziba, alinipa nizioshe, kila moja irudi kwenye tundu lake la namba kwenye katoni. Nilizimwaga zote katika ndoo moja ya mafuta ya taa. Kisha nikazipanga kwa kung'aa, inayong'aa zaidi mbele. Zilipendeza. Lakini valvu ni valvu. Haiwezi kuwa hiyo ndiyo sababu.

Alhamisi, 6 Februari

Nimetangaza kwamba petroli ilichanganywa. Niliinusa mbele ya watu, nikakunja uso kama daktari. Mzee akadondosha kidogo kwenye karatasi. Ikakauka bila kuacha doa. Akasema petroli mbaya isingechagua valvu mbili na kuziacha nyingine. Hashim akauliza kama pua yangu ina leseni. Fidhuli!

Hata hivyo nimeokota neno. Mzee amesema dereva akiikimbiza injini kupita kiasi, springi hushindwa kuirudisha valvu kwa wakati, nayo hugongana na pistoni. Alama hubaki. Basi kosa ni la Swafwan! Kinachokosekana ni alama tu.

Ijumaa, 7 Februari

Saa sita na nusu wote wakaenda msikitini. Tukabaki mimi na nyundo. Nikaigonga pistoni mara mbili. Ya tatu kwa ajili ya uhakika.

Waliporudi nikampa Mzee shikamoo nzito na kumwonyesha ugunduzi wangu. Aliutazama kwa muda mrefu. Akaiviringisha valvu juu ya kioo. Imenyooka kabisa! Akaniuliza kwa upole imeigongaje pistoni bila yenyewe kupinda. Nikasema huenda ni valvu ngumu. Hashim akatoa simu. Alikuwa amepiga picha ya pistoni jana. Haina alama hata moja.

Nani hupiga picha pistoni? Mtu asiye na mke.

Jumamosi, 8 Februari

Mzee amezifunga valvu zote na kumimina petroli juu yake. Ikavuja kama kapu. Akaanza kuzihamisha viti, moja baada ya nyingine, mpaka zile nzima zikaacha kuvuja. Kila moja na kiti ilichosagiwa. Akasema moto ulikuwa ukipenya pale zisipokaa vizuri, ukazila kingo. Kisha akauliza ni nani aliyeziosha.

Gereji nzima ilinitazama. Nikakiri. Hashim akasema mimi hata nikiambiwa nipange viatu vya msikitini nitavipanga kwa kung'aa, watu warudi nyumbani na viatu vya wenzao. Walicheka mpaka Mzee akashika meza.

Nafasi ni ya Hashim. Pistoni mpya imeagizwa Mombasa. Nimempigia mama na kumwambia gereji haiwezi kwenda bila mimi. Akauliza kama ninakula.

Alhamisi, 13 Februari

Wameondoka alfajiri. Hashim alipunga mkono kama gavana. Mzee ameniachia ulinzi na amri ya kutogusa injini yoyote. Lakini mbio nyingine ni Juni, na fundi huonekana kwa kazi.

Saa nne akaja Mwalimu Waridi wa Tiwi na gari lake dogo. Niliisikiliza injini kwa sekunde mbili. Valvu! Nikamwambia analikimbiza sana. Akaapa hajawahi kupita sitini. Nikamhurumia, wote hukana. Nimemwomba aliache mpaka kesho.

Sasa ni saa kumi. Injini yote iko chini, chanzo bado sijakiona. Mwalimu amepiga simu mara mbili. Alikuwa amekuja kutia upepo tairi la nyuma.