Soli Sitini na Mbili

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimekaa kibandani toka asubuhi hadi jua linazama. Viatu vilivyoletwa: pea moja. Ya mke wangu! Tena alitaka nivipige rangi tu.

Na kijiji kimejaa watembeaji. Kila wiki wanatoka mjini na mikoba mgongoni, wanashuka bonde la mto, wanarudi wanacheka. Soli zao? Nzima! Nimezichunguza nikiwa nimeinama, najifanya naokota msumari. Utadhani zimetoka dukani leo.

Kosa ni la Bwana Ramani. Huyu ni mpima ardhi mstaafu, mtu wa kofia na filimbi, aliyejipa cheo cha kuongoza wageni. Kila mara anawapitisha bondeni. Nyasi laini, kivuli, udongo unaobonyea kama godoro. Kiatu gani kitachakaa huko? Yeye mwenyewe anavaa buti alizoshonewa na marehemu baba miaka kumi na tisa iliyopita. Hazitaki kufa! Baba alikuwa fundi hodari. Biashara hakuijua.

Jumamosi wanakuja wageni thelathini na mmoja. Soli sitini na mbili. Na njia nyingine ipo: ya pwani, juu ya majabali, mawe kama meno ya msumeno. Nimefunga kibanda napiga mluzi.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda kuikagua njia ya pwani. Sijawahi kuimaliza tangu nizaliwe, lakini hilo ni siri yangu. Mama mkwe akasema tufuatane, maana yeye huipita kila wiki kwenda kwa dada yake, ng'ambo ya mlango wa mto. Nikaona vyema, nitamshika mkono penye mawe. Ana miaka sabini na miwili.

Kufika jabali la kwanza, alikuwa hatua mia mbele yangu. La pili, nilikuwa naona kilemba tu. Nilimkuta juu ameketi, anamenya chungwa. Akanieleza jambo refu kuhusu maji na saa. Sikulipata vizuri, masikio yalikuwa yanavuma. Nikaitikia ndiyo mama, ndiyo mama.

Ila kule juu, jamani! Bahari yote iko miguuni pako. Ndege weupe wanaelea usawa wa macho. Upepo unaingia kwa mkono huu wa shati na kutokea kwa ule. Tuligawana chungwa. Nilisahau hata kilichonipeleka.

Wakati wa kurudi soli yangu ya kulia ikabanduka. Gundi yangu mwenyewe. Mama mkwe akauliza kama namfahamu fundi mzuri.

Njia ni kali kweli kweli. Safi sana!

Jumatano, 4 Juni

Mkutano wa kijiji. Nimesimama na kupendekeza wageni wapelekwe pwani, wakafaidi hewa safi. Bwana Ramani akaweka kofia sawa na kuniuliza, mbele ya watu wote, kama njia hiyo naijua. Nikasema naijua nje ndani. Mke wangu akakohoa.

Mwenyekiti ni mama asiyependa maneno mengi. Akasema bonde ni bonde. Akaongeza kwamba mgeni mmoja akirudi ameumia, matembezi kijijini basi, yamekwisha. Wakampigia makofi. Mimi pia nilipiga, kwa adabu.

Nikarudi nyumbani kupitia njia panda. Pale pana kibao: mshale wa bondeni unaelekea kushoto, wa pwani kulia. Kilikuwa kimelegea. Nilikigusa tu. Kikageuka. Mimi nani hata nikirudishe?

Alhamisi, 5 Juni

Balaa! Nilikuwa namngoja mchukuzi aniletee kutoka mjini ngozi, nyuzi na makopo sita ya gundi, akiba ya Jumamosi. Ni mchukuzi mpya, nilimwagiza afuate kibao cha bondeni. Saa tatu, hayupo. Saa sita, hayupo. Saa tisa akatokea amelowa hadi kiunoni, boksi linachuruzika. Akasema kibao kimemtupa baharini, na kwamba angempata aliyekigeuza angemvalisha hicho kibao shingoni.

Nikasema kweli, watu wengine hawana utu.

Makopo mawili yamepona. Ngozi nimeianika uani. Mke wangu anauliza mbona nyumba inanuka pweza.

Ijumaa, 6 Juni

Bwana Ramani amekwenda kurekebisha kibao. Amekivuta kwa nguvu, kikang'oka na nguzo yake, kikamwangukia mguuni. Kifundo kimevimba kama boga. Buti haikupata hata mkwaruzo.

Nilikwenda kumpa pole, nimejaa wasiwasi. Hajui kitu! Alinishika mkono akasema, "Fundi, ni wewe tu uliyesema mkutanoni kwamba njia zote unazijua. Nichukulie wageni wangu kesho. Tafadhali, wapitishe bondeni."

Akanipa filimbi. Nikamwahidi. Nilipofika nyumbani niliijaribu mara nne, mke wangu akaniomba niijaribu nje.

Jumamosi, 7 Juni

Nimewapitisha pwani.

Mwanzo ulikuwa mzuri ajabu. Wageni thelathini na mmoja kwenye mstari, mimi mbele na filimbi. Mawe yalikuwa yanaguguna soli, nasikia kabisa, kru, kru, kru. Muziki! Juu ya jabali la pili wote wakasimama, wakaiangalia bahari kama nilivyoiangalia mimi. Mwalimu mmoja mnene alifuta machozi na kusema hajawahi kuona kitu kama hiki. Nikajibu ahsante, kana kwamba nimeitengeneza.

Kisha tukateremka kwenye mchanga kati ya jabali la pili na la tatu, penye mlango wa mto. Nikawaambia wapumzike. Nilipogeuka, mchanga tuliopitia haukuwepo. Maji! Nikatazama mbele. Maji! Tumebaki kwenye kipande kisichozidi ukumbi wa mkutano, nacho kinapungua. Wageni wakaniuliza sasa tunafanyaje. Nikapiga filimbi.

Akilini nilimwona mwenyekiti akifunga njia zote, na jina langu likitajwa kijijini hadi wajukuu. Zaidi ya hapo nilimwona mwalimu yule, ameshika mkoba kifuani. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Ndipo akatokea mama mkwe. Anatoka kwa dada yake, kapu kichwani, anatembea katikati ya maji kama anakatiza uani kwake. Maji magotini tu.

"Nilikwambia Jumanne, mwanangu," akasema. "Maji yana saa zake, hubadilika kila siku; leo yanapanda saa tano. Bado kuna fungu la mchanga hapa la kuvukia, litadumu nusu saa hivi. Vueni viatu wote. Shikaneni mikono."

Wakavua. Wakafunga viatu kwa kamba zake, wakavitundika shingoni, wakakunja suruali. Mwalimu akashika mkono wa mama mkwe, mimi nikashika wa mwalimu, na mlolongo wote ukavuka mlango wa mto polepole, kila mtu akimwambia aliye nyuma wapi pa kukanyaga. Upande wa pili wakalipuka kwa vicheko. Tukapanda bonde lote juu ya nyasi, miguu mitupu, wakiimba, hadi kijijini.

Hakuna aliyeumia. Hakuna soli iliyochakaa. Nimezihesabu zikining'inia shingoni: sitini na mbili, zimerushiwa maji ya bahari, safi kuliko asubuhi. Kiatu kimoja tu kilichukuliwa na maji. Changu.

Jumapili, 8 Juni

Wageni wamemwambia mwenyekiti kwamba hawajawahi kufurahi hivi. Wanataka kurudi mwezi ujao, njia ileile, na lazima mama huyo awaongoze. Mama mkwe amekubali kwa sharti moja: saa zipangwe na yeye, si na mkwewe.

Nimempelekea Bwana Ramani filimbi yake. Hakufoka. Alicheka hadi akashika kifundo chake, akaniandalia chai na viazi vya kuchemsha, akanionyesha ramani zake alizochora kwa kalamu. Nzuri mno! Nilitaka kukiri habari ya kibao. Mdomo ulikuwa umejaa kiazi. Nilipomeza, nia ilikuwa imekwisha.

Nimeapa: hila basi. Jioni nimetembea bondeni na mke wangu, bila sababu yoyote. Hewa tamu.

Jumanne, 10 Juni

Barua kutoka kwa wageni! Safari ijayo wanaomba kila mtu atafutiwe fimbo ya kutembelea, kwa ajili ya mawe. Mwenyekiti ameuliza nani anaweza kuzichonga. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

Nimeshachonga tisa. Nimezing'arisha kwa rangi ya viatu, zinapendeza. Mke wangu amechukua moja, akaigeuzageuza, akauliza mbona hapa katikati ni nyembamba hivi, si zitavunjika na kurudishwa kwako kila siku?

Nimemwambia ndiyo mtindo wa kisasa.